Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu majina ya kiroho yenye wenyewe

Mimi ni mtafsiri, naishi Bukavu, mashariki ya Kongo. Mama ni Mlega wa Mwenga, baba ni Mshi wa Walungu. Maswali haya yananijia kutoka pande mbili: kwa vijana wa mitaa yetu ya Ibanda na Kadutu wanaosoma kwenye simu habari za upagani wa kisasa wa Ulaya na Marekani, na kwa wafuasi wa upagani huohuo walioko mbali, wanaotaka kutumia maneno yetu katika ibada zao. Majibu ni yangu. Wazee niliowauliza walinisahihisha mara nyingi, na pale waliponisahihisha nimeandika walivyosema wao.

Upagani wa kisasa ni nini hasa?

Ni jina la jumla la dini zilizochipuka upya kwa wazungu katika miaka mia moja hivi iliyopita. Kuna Wicca, ambayo Gerald Gardner aliitangaza hadharani Uingereza baada ya sheria ya zamani dhidi ya uchawi kufutwa mwaka 1951. Kuna wadruidi wa leo, wanaofuata kumbukumbu ya makuhani wa Wakelti. Kuna Ásatrú, dini ya miungu ya kale ya kaskazini, ambayo serikali ya Iceland iliitambua rasmi mwaka 1973.

Wengi wao ni watu wasio na babu wa kumuuliza. Ukristo ulifika kwao zamani sana, mapokezi yakakatika, wakabaki na vipande vya maandishi na magofu ya mawe. Njaa yao ni ya kweli, siidharau hata kidogo. Ila mtu akikosa neno kwao, asichukue la jirani bila kupiga hodi.

Je, nijiite mpagani?

Wao neno hilo wanalivaa kwa fahari. Kwa Kilatini lilimaanisha mtu wa kijijini, likageuzwa kuwa tusi, nao wakaliokota na kulisafisha. Kwetu lililetwa na misheni, na bado halijasafishwa. Bibi yangu aliitwa mpagani mpaka siku ya ubatizo wake, na hata akiwa mzee sana, kila alipolitamka alishusha sauti.

Ukitaka kujiita hivyo, ni juu yako. Usimwite hivyo mzee wa Burhinyi au wa Kabare kwa sababu tu haendi kanisani. Yeye hajawahi kujiita mpagani. Ukimuuliza atakwambia anafuata ya wazee wake, basi. Mwite kama anavyojiita.

Nganga, munganga, mganga, mfumu: nitumie lipi?

Inategemea umesimama wapi, na hapa ndipo watu wanaumia.

Shina la neno ni la kale na limeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Lakini Tanzania mganga mkuu wa mkoa ni daktari wa serikali, na yule wa mitishamba wanamwongezea neno: mganga wa kienyeji. Huku kwetu munganga ni daktari, hakuna zaidi. Mtu akisema "niko naenda kwa munganga", anaenda kwenye sindano na maabara. Yule anayetazama, anayekutafutia chanzo cha tatizo kwa wazee waliotangulia, sisi tunamwita mfumu. Wanyarwanda wanasema umupfumu, na kazi yake ni kuragura, neno ambalo ni ndugu wa kuagua la Kiswahili. Sasa mchukue huyo mfumu wetu umpeleke Kongo ya magharibi: kwa Kikongo mfumu ni chifu, na anayetibu ndiye nganga. Sauti ile ile, kiti kingine kabisa.

Miaka michache iliyopita nilikuwa namtafsiria mgeni kutoka Ulaya, mtu mpole, mfuasi wa dini hizo mpya. Katika kikao cha mtaa huko Bagira alitaka kujitambulisha kwa neno alilolisoma, akasema mwenyewe: "Mimi ni munganga." Nilipaswa kumzuia. Niliona ni jambo dogo, nikaliacha lipite. Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mama mmoja alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, karti ya chanjo mkononi, ameifunga kwenye mfuko wa plastiki isilowe. Mtoto alikuwa amekohoa usiku wa tatu. Mgeni alikuwa na mawe ya rangi na ubani. Tulipanda pikipiki hadi kituo cha afya, mtoto akatibiwa, akapona. Lakini yule mama alinitazama mimi, hakumtazama mgeni, kwa sababu mimi ndiye niliyelijua neno.

Tangu siku hiyo, kabla ya kutafsiri jina lolote la kiroho nauliza mambo mawili: nani analitoa, na nani anaweza kulivua? Munganga amelipata kwa masomo, na wenzake wa taaluma wanaweza kumvua. Mfumu anajulikana kwa aliyemfundisha na kwa watu wanaomwendea. Akiwadanganya, nyumba yake inabaki tupu. Jina ulilojipa mwenyewe usiku mbele ya kompyuta hakuna wa kukuvua, hata ukimdhuru mtu.

Wafuasi wa Wicca wanajiita kwa neno la Kiingereza, witch, ambalo kamusi inalitafsiri "mchawi". Niliandike hivyo?

Hapana. Naomba sana, hapana.

Wafuasi wa Wicca walilivaa neno hilo hadharani sheria dhidi ya uchawi ikiwa imeshafutwa na majirani wameshaacha kuogopa. Kwao lina maana mbili au tatu, mojawapo nzuri. Kwa Kiswahili cha huku mchawi na mulozi ni mtu mmoja, na mtu huyo anaua. Anakula watoto wa ndugu, anatega sumu, anafunga tumbo la shemeji. Hakuna mulozi mwema.

Na neno hilo kwetu linamwaga damu. Mwaka 2021, hapa Kivu Kusini, wanawake, wengi wao wazee, waliuawa na makundi ya watu kwa tuhuma hiyo tu. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto ilibidi iweke kifungu maalumu, cha 160, kinachomfunga gerezani yeyote anayemsingizia mtoto uchawi. Kiliandikwa kwa sababu watoto walikuwa wanafukuzwa nyumbani, wanapigwa, wanafungwa kamba kwenye vyumba vya maombi.

Msichana mmoja mwanafunzi, binti wa rafiki yangu, aliandika kwenye simu yake, mahali ambapo kila mwenye namba yake anaona: "Mimi ni mchawi, najivunia." Aliamini anasema jambo la kupenda miti na mwezi. Shangazi yake aliliona saa mbili usiku. Saa tatu simu yangu ilikuwa inaita. Tulikaa naye, mama yake yupo. Alinijibu kwamba Katiba, kifungu cha 22, inampa kila mtu uhuru wa dini. Ni kweli, na nilimwambia ni kweli. Nikamwambia pia: mwana wangu, mtoto wa jirani akiugua wiki ijayo, watakaokuja mlangoni hawatakuwa wameshika Katiba. Aliyafuta maneno yale, akaandika "mfuasi wa Wicca". Ndivyo ninavyofanya hata mimi katika kazi: naliacha jina la dini lilivyo, kisha naeleza kwa sentensi moja wanachoamini. Sentensi ndefu haimchomi mtu moto.

Na "mizimu"? Naona wanaandika "roho", "pepo", "miungu", yote kwa kitu kimoja.

Mimi natumia mizimu, lakini najua kinachopotea. Kwa Kinyarwanda umuzimu akiwa mmoja, abazimu wakiwa wengi, wanakaa katika ngeli ya watu, pamoja na mtoto na mgeni. Kwa Kiswahili sanifu mzimu/mizimu imekaa ngeli moja na mti na mto. Sarufi imewatoa wazee wetu katika ukoo. Kwa hiyo kila inapowezekana naandika "wazee waliotangulia", maana hao ni watu: wana majina na wajukuu, na wengine wana madeni. Pepo siandiki, kwa sababu pepo anatolewa, na mzee wa ukoo hatolewi.

Nimeona mtu Ulaya anajiita "kindi", na mwingine anatoa mafunzo ya "bwami". Inaruhusiwa?

Hapa nitakaa kidogo, maana ni nyumbani kwa mama.

Kwanza tutenganishe maneno. Kwa Bashi, Mwami ni mfalme: yupo wa Kabare, yupo wa Ngweshe, kila mmoja na enzi yake. Walega hawakuwa na mfalme. Kwao mwami ni mtu yeyote aliyeingizwa katika bwami, chama kilichoshika maadili, sheria na mafundisho ya jamii nzima, na wenye jina hilo, bami, ni wengi. Kwa hiyo mgeni akiandika "niliwekwa wakfu kuwa mwami", Mshi anasikia amepindua ufalme.

Bwami ina ngazi, na kindi ndiyo ya juu. Ngazi hazipandwi kwa mali peke yake. Mtu anapimwa tabia miaka mingi: hasira zake, ugomvi wake, jinsi anavyogawa nyama. Ukoo wake wote unakusanya vitu vya sherehe, kwa hiyo anayepanda ni ukoo mzima kupitia mtu mmoja. Na hakuna kindi bila mke, kwa sababu mke wake naye anaingizwa katika ngazi yake, bunyamwa. Mtu anayejiita kindi peke yake chumbani, bila ukoo na bila mke aliyepita naye, hajakosea kidogo. Amechukua kofia bila kichwa.

Mafundisho yenyewe yako katika methali, nyimbo na vitu. Babu mzaa mama alifika yananio, ngazi iliyo chini ya kindi. Aliacha kinyago kidogo cha mti, kimetosha kiganja, uso umepakwa chokaa nyeupe, chini kina ndevu za nyuzi zilizoanza kukatika. Wasomaji wengi wanadhani kinyago ni cha kuvaa usoni. Hicho kinafungwa mkononi, kinatundikwa, kinalazwa chini, kinaburutwa kwa ndevu zake, na kila namna ya kukishika ina methali yake. Mjomba wangu ndiye mlinzi wake. Alinionyesha mara moja, alikifungua kutoka kitambaa cha kitenge, akakigeuza polepole, kisha akakifunga. Sikuomba kupiga picha. Nilipomuuliza maana ya ndevu alisema, "Ungekuwa umeingia, usingeuliza." Hakunisema kwa ukali. Alikuwa ananieleza niliposimama.

Mwaka 1948 utawala wa Wabelgiji uliipiga marufuku bwami. Vyombo vingi vilichukuliwa au kuuzwa kwa hofu, na leo vinyago na sanamu za pembe za Walega vinatazamwa Tervuren, karibu na Brussels, nyuma ya kioo. Wazee waliendelea kwa siri. Kwa hiyo mgeni anapolitumia jina hilo leo kwa urahisi, analitumia jina ambalo wenyewe walikatazwa kulitamka, na wajukuu wao wengi wamelipoteza kwa sababu hiyo.

Jibu langu basi: soma, andika, tembelea, uliza. Sema "najifunza kuhusu bwami ya Walega". Cheo usijipe.

Je, naweza kumwabudu Lyangombe nikiwa peke yangu?

Lyangombe wa Bashi, au Ryangombe wa Wanyarwanda, anajulikana pande zote za Ziwa Kivu. Masimulizi yanasema alikuwa mwindaji mkuu, mbogo akamuua kwa pembe penye mti wa umuko, ule wenye miiba na maua mekundu kama damu mbichi. Wafuasi wake wanaingia kwa kubandwa, na kubandwa ni kitendo cha kutendewa: wapo wanaokuingiza, upo mti, kipo kiapo cha kutunza siri. Kutoka Goma unaziona volkeno za Nyiragongo na Karisimbi, na masimulizi yanasema waliobandwa wanakwenda Karisimbi penye theluji baada ya kufa, wasiobandwa wanakwenda Nyiragongo penye moto. Aliyekuwa Goma tarehe 17 Januari 2002 au 22 Mei 2021, lava ikishuka, hawezi kuyasikia masimulizi hayo kama hadithi ya kulalia.

Kumheshimu, kumsimulia, kusimama kimya chini ya umuko: hakuna atakayekukataza. Kujiita imandwa, yaani aliyebandwa, bila kubandwa na mtu, hapo umejipa jina ambalo haliwezi kupatikana peke yako, kama vile mtu hawezi kujibatiza.

"Shamani" si neno la watu wote?

Limefanywa la watu wote, wenyewe hawakuulizwa. Ni neno la Waevenki wa Siberia, likapita kwa Warusi, likaingia vitabu vya wasomi wa Ulaya, mwishowe likabandikwa kwa kila anayepiga ngoma na kuona maono, kuanzia Amazon mpaka Shabunda. Waevenki wenyewe, chini ya Wasovieti, waliteswa kwa ajili ya mashamani wao. Mfumu wa Walungu si shamani. Kumwita hivyo ni kuwakosea wawili kwa pigo moja.

Wapo waliolikemea jambo hili hadharani. Tarehe 10 Juni 1993 Walakota wa Marekani walitoa tamko kali dhidi ya wanaouza na kuigiza ibada zao, na wakalitaja kuwa ni tamko la vita. Mimi nilipolisoma nilifikiria kinyago cha babu.

Mbona Kuba wanasema "nganga" na Haiti wanasema "Simbi"? Nao wametuibia?

La. Hao walibeba. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka Kongo walivuka bahari hawana kitu mkononi, ila maneno yalibaki mdomoni. Kuba, katika dini ya Palo, nganga imekuwa chungu chenyewe cha nguvu badala ya mtu anayekitumia. Haiti, Simbi ni roho wa maji, wana wa bisimbi wa Kikongo, na dini yao ya Vodou ilitambuliwa rasmi na serikali mwaka 2003. Kubadilika kwa maana hapo kumelipiwa kwa maisha ya watu. Mtu wa Havana akiniambia nganga yake iko pembeni ya chumba, simsahihishi kwa Kiswahili changu. Ni neno lake pia, na yeye ana waliomkabidhi.

Nimezaliwa Brussels, mama ni Mshi. Je, mimi pia ni mtu wa nje?

Si mtu wa nje, mwanangu. Hili swali linaniuma kila linapokuja, kwa sababu anayeliuliza huwa ameshaambiwa na mtu kwamba hana haki. Una haki ya kuuliza bila kueleza kwa nini unauliza. Una haki ya majina ya ukoo wako. Vyeo bado vinatolewa, kwako kama kwangu: mimi nimezaliwa hapa, nakula bugali kila siku, na mjomba bado alikifunga kinyago mbele yangu. Anza na wajomba na shangazi, kwa jina la bibi yako na kijiji chake. Wengine watakwepa kwa sababu wameokoka. Usiwalazimishe, nenda kwa anayefuata.

Mchungaji wangu anasema majina yote haya ni ya shetani. Unasemaje?

Sibishani na mchungaji wa mtu. Namwomba jambo moja: akihubiri dhidi ya mfumu, asimwite mulozi. Yeye anajua tofauti, alifundishwa na bibi yake kama mimi.

Niseme nini badala ya jina ambalo si langu?

Taja unachofanya. "Nawasha mshumaa kwa ajili ya wazee wangu." "Natumia mitishamba niliyofundishwa na mama mkwe." "Nafuata kalenda ya mwezi." Maneno ya kitendo hayana mwenyewe, yanaeleweka Bukavu na kwingine, na hayamletei mtu mtoto mgonjwa mlangoni. Kama umejifunza kwa mtu, mtaje kwa namna atakayokubali, na umuulize kwanza kama anataka kutajwa. Wengi hawataki.

Nimeshalitumia vibaya, miaka kadhaa. Sasa?

Liondoe pale ulipoliandika, ueleze kwa nini, kwa maneno machache. Kama ulipokea pesa kwa jina hilo, pesa hizo zina wenyewe: wale waliokulipa wakidhani wewe ni kitu usichokuwa. Kama kuna mzee uliyemtumia jina, mwendee. Yule mgeni wangu wa Bagira aliandika barua, nikaitafsiri, nikaisoma mbele ya kikao kilekile. Mama wa mtoto alikuwepo. Aliuliza kama mgeni anajua kupima homa kwa kiganja. Nikasema sijui. Akasema basi akirudi atamfundisha.

Nikitaka kumuuliza mzee, niende vipi?

Usiende peke yako, nenda na mtu anayemjua. Ukifika, sema wewe ni mtoto wa nani, umetoka wapi, umelala wapi. Usitoe daftari mpaka uulizwe umeleta nini. Chukua sukari, chumvi, sabuni, kama kwa mgonjwa au mkwe. Akisema hilo halisemwi, geuza mazungumzo kwenye mihogo na mvua. Kama unakwenda upande wa Mwenga, panda gari alfajiri, maana mvua ikinyesha njiani mtalala kwenye tope, na mzee akikungoja jioni akakukosa, kesho yake anaenda shambani.